Hema la juu ya gari, Mombasa hadi Lushoto: uzoefu wangu

Hema hili nimelikodi likiwa tayari juu ya Prado ya dizeli, kwa safari ya kuvuka mpaka wa Lunga Lunga kuingia Tanzania likizo ya Agosti. Kitambaa chake ni pamba iliyochanganywa na polista, ndani lina godoro la sponji la sentimita 6, na uzito wake ni kama kilo 60. Kwa milima ya Usambara nalisifu bila kusita. Kwa fuo za Tanga na Pangani wakati wa kusi, heri hema la chini lililokingwa na kichaka. Lakini kwa safari ya ghafla hema si jambo la kwanza. La kwanza ni karatasi.

Tanzania hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa anayetoka Kenya, na cheti hicho huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Ukiamua Alhamisi kusafiri Jumamosi na hujachanjwa, safari haipo. Hata pesa haziwezi kufupisha siku hizo, kwani ndizo mwili unazohitaji kujenga kinga. Nafuu ni kwamba tangu Julai 2016 cheti ni cha maisha, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10. Kwa hivyo ndugu yangu unayependa kuamka na kuondoka, chanjwa sasa, hata kama huna safari. Pasipoti nayo iwe tayari: kitambulisho cha taifa kinakufikisha Uganda, ila Tanzania hakitoshi.

Gari lina karatasi zake. Bima ya Kenya peke yake haivuki mpaka, kwa hivyo mwambie wakala wako akutolee Kadi ya Manjano ya COMESA, ambayo Tanzania inaikubali ingawa ilijitoa katika COMESA mwaka 2000. Kadi hiyo hulipia hasara za watu wengine uliowagonga. Gari lako na hema lililo juu yake havimo, kwa hivyo uliza kama bima yako kubwa inaweza kuongezwa ivuke nawe. Kama logbook haina jina lako, chukua barua ya mwenye gari yenye namba ya gari, tarehe za safari na jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti. Gari la mkopo linahitaji barua ya benki pia. Kwa gari la kukodi, soma mkataba kabla ya kutoa amana: wapo wakodishaji ambao ruhusa yao inaishia mpakani na hawakwambii mpaka uulize.

Ukitoka kisiwani, Dongo Kundu inakuepusha na foleni ya feri ya Likoni. Jaza tangi Ukunda. Lunga Lunga na Horohoro ni kituo cha pamoja, kwa hivyo ukienda unapita hadi upande wa Tanzania, na huko huko unagongewa muhuri wa kutoka Kenya na wa kuingia Tanzania. TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, watakupa kibali cha muda cha gari. Kagua namba ya chesisi na ya injini herufi kwa herufi ukiwa bado dirishani, kisha kitunze. Wakati wa kurudi lazima kifungwe, la sivyo kwenye kumbukumbu zao gari bado limo nchini. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, Tanzania iliipiga marufuku Juni 2019. Na kwenye vijiji kati ya Horohoro na Muheza shika 50 kikweli, trafiki wana vipima mwendo.

Sasa hema lenyewe. Swali la kwanza ni keria. Kitabu cha gari hutaja uzito ambao paa linabeba likiwa mwendoni, na uzito huo ujumuishe keria na hema kwa pamoja. Hema la kilo 60 na keria ya chuma ya kilo 30 ni kilo 90, na magari mengi madogo hayafiki hapo. Watu wawili kulala juu gari likiwa limesimama si tatizo, kwa kuwa uzito umetulia; kinachovunja reli za paa ni breki, kona na mashimo. Boliti nazo hulegea kwa mtikisiko. Nati ziwe zile zenye pete ya nailoni ndani, na uzikaze tena kwa spana baada ya kilomita 100 za kwanza, kisha kila asubuhi ukitoka barabara ya vumbi.

Kutoka Mombo kupanda Lushoto ni kilomita 33 hivi za kona za kufuatana. Mzigo wa paani huinua kitovu cha uzito, kwa hivyo gari huinama zaidi kuliko ulivyozoea. Panda polepole, na wakati wa kushuka tumia gia ya pili badala ya kukanyaga breki muda wote mpaka zipate moto na kukosa nguvu.

Huko juu, ukipiga kambi maeneo ya Irente, ndipo hema hili linapolipa. Ardhi Julai na Agosti huwa na unyevu na usiku ni baridi hasa kwa mtu wa pwani. Kulala mita mbili juu ya nyasi ni raha. Tafuta usawa kwanza: weka vipande vya mbao chini ya magurudumu ya upande wa bondeni, na kichwa kielekee upande wa juu. Ngazi isisimame wima wala isilale sana, maana ndiyo inayobeba nusu ya sakafu iliyokunjuliwa. Acha madirisha mawili wazi kidogo, vinginevyo pumzi zenu zinageuka maji chini ya godoro. Jiko la makaa lisiingie hemani kamwe, hata kwenye kile chumba cha turubai cha chini. Gesi ya makaa haina harufu na huua watu usingizini. Kwa kupikia, nenda na mtungi wa gesi wa kilo 6 uliojaa, usitegemee kuubadilisha ng'ambo.

Ufuoni mambo hugeuka. Kusi hupiga kitambaa usiku kucha, na gari zima hutikisika. Elekeza ubavu mwembamba kwenye upepo na ufunge kamba zote. Chumvi hukamata zipu: zisugue kwa mshumaa kabla ya kuondoka, na zioshe kwa maji baridi ya bomba kila jioni.

Ukifika Mombasa, likunjue siku hiyo hiyo, utoe godoro, uliache lipigwe na jua mpaka mishono yote ikauke. Kwa unyevu wetu, hema likikunjwa bichi huota kuvu ndani ya siku chache, na doa la kuvu kwenye pamba halitoki. Mkodishaji atalikata kwenye amana yako.