Studio ya picha za wanawake wa hadithi Mombasa: nilipenda, ila walimfuta mama makunyanzi

Tulienda mwezi uliopita, mimi, mama na mdogo wangu, ilikuwa zawadi ya bathdei ya mama. Jina la studio naliacha. Unachagua mwanamke wa hadithi za hapa Pwani, wanakuvalisha, wanakupaka mekapu, unapigwa picha, elfu nne na mia tano kila mtu.

Mdogo wangu alichagua Mepoho, yule mtabiri wa Kigiriama aliyesema watakuja wageni wenye nywele kama katani halafu ardhi ikammeza. Hapo nawapa hongera kabisa. Walijaza mchanga mwekundu kwenye sanduku la mbao akasimama ndani mpaka magotini, taa inatoka upande mmoja tu, wakamwachia afanye uso anaoutaka yeye. Ile picha hadi leo nikiiangalia nasisimka.

Mimi nilikuwa Mwana Mkisi, aliyetawala Mombasa kabla ya Shehe Mvita kwa jinsi wazee wanavyosimulia. Wakanivika taji la plastiki kama la malkia wa Uingereza. Jamani, hata kilemba cha leso kingetosha.

Sasa mama. Mama ni Mgiriama wa Kaloleni, alitaka Mekatilili na si mwingine. Alikuja na hando lake, ile sketi ya asili ya wanawake wa Kigiriama, kutoka nyumbani manake la studio lilikuwa jepesi, akalifunga mwenyewe, akasimama. Mpiga picha, kijana mpole tu, akamwambia mama tabasamu kidogo, legeza bega. Mama akamuuliza, "Mwanangu, Mekatilili alikuwa anamchekea nani?" Yaani mjane mtu mzima, 1913 huyo anazunguka vijijini na ngoma ya kifudu, anawaapisha watu wasiwatii Waingereza, wakamshika wakampeleka mpaka Kisii na bado akatoroka akarudi kwao, huyo atabasamu ya nini? Kijana akanyamaza akapiga, na zilitoka vizuri, niliziona kwenye kamera.

Wiki mbili baadaye picha zikaja kwa WhatsApp. Makunyanzi yote hakuna, shingo imenyooshwa, kiuno kimebanwa hadi hando limekaa kama sketi ya shule, na hando linavaliwa ili nyonga zijae! Mama aliitazama kimya, akasema siku anaolewa shangazi zake walimwambia ainamishe macho asipaze sauti, kumbe sasa ana miaka 60 na anatakiwa asizeeke. Iliniuma sana, manake tulienda pale ili apate picha moja ambayo hajainama.

Niliwapigia simu, hawakubishana, wakatuma zile ambazo hazijaguswa bila kuongeza pesa. Kwa hivyo nitarudi, binti yangu wa miaka 12 ameshaniambia anataka ule mchanga. Ila ukienda, sema kabla hujalipa kwamba uso usiguswe. Na hando beba lako.