Umeme wa ubongo sina kesi nao, kesi yangu ni yule jamaa wa mashine

Kama uliumia kichwa na sasa maneno yanakukwama, na umesikia kuna tiba ya kupitisha umeme mdogo kichwani, wanaiita tDCS, mimi nimeitumia hapa Dallas na mpaka saa hii bado nina hasira. Nilipata ajali ya gari miaka kadhaa nyuma nikapona kila kitu isipokua hili. Kitu nakiona, nakijua, kazi yake nitakueleza mwanzo mpaka mwisho, lakini jina halitoki. Sasa daktari wangu akaniambia Chuo Kikuu cha Texas hapahapa Dallas walishafanya utafiti kwa watu kama mimi, miliampea 1 tu, dakika 20, vikao 10, wanalenga sehemu ya juu mbele ya ubongo inayosaidia kuvuta maneno, na matokeo yalitia moyo. Mimi lakini sikua kwenye utafiti, nilienda kliniki ya watu binafsi ambayo jina silitaji, na kwa vile FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, haijaipitisha kwa shida hii bima ilikataa kabisa, tukalipa mfukoni.

Haiumi, niseme ukweli. Sio ile ya kumlaza mtu kwa dawa ya usingizi wampitishie umeme mpaka apate degedege. Hii unakaa macho, inawasha kama upupu dakika za mwanzo, alafu unazoea.

Sasa huyo jamaa. Nimeenda na mistari kichwani, nimesukwa juzi yake, na nilipopiga simu kuchukua miadi hakuna hata mmoja aliyenigusia habari ya nywele. Akaweka elektrodi zake, vile vipande vya kupitishia umeme kichwani, na jeli, mashine ikalia ikajizima. Akaweka tena, ikalia. Hapo naelewa, jeli isipofika kwenye ngozi umeme haupiti vizuri na mashine inajizima usije ukaungua, ni usalama wangu. Lakini yeye akashusha pumzi kwa nguvu, akashika msuko wangu mmoja kwa vidole viwili akauinua juu, alafu akamgeukia mume wangu, sio mimi niliyekaa kwenye kiti, MUME WANGU, "hizi anaweza kuzifumua?" Na kabla hajajibiwa akaongeza, "anaelewa ninachosema?" Jamani!! Nilikua na jibu lake zima kichwani na ndio kila neno likagoma, manake nikikasirika ndio nakwama zaidi, nikabaki namkodolea macho tu machozi yananilenga. Baba watoto akamwambia muulize mwenyewe, yupo hapo.

Na dawa yake ilikua ndogo mno. Aliingia mama mmoja muuguzi, akachukua kijiti cha pamba, akapitisha jeli taratibu kwenye ile njia ya ngozi iliyo wazi kati ya mstari na mstari, akabonyeza kidogo, mashine ikanyamaza. Basi! Kuna dada anaitwa Arnelle Etienne, alipokua mwanafunzi Carnegie Mellon alibuni elektrodi za kupima mawimbi ya ubongo zinazobana kwenye nywele zilizosukwa mistari, kwahiyo watu walishakaa wakalifikiria hili na nyinyi mnachukua pesa yangu hamjui hata pa kuanzia?

Alafu kadi za picha. Huo umeme wenyewe hauleti neno, unafanya tu seli za ubongo ziwe rahisi kuamka, kazi ya kulitafuta neno ni yako, ndio maana kule niliwekewa na mazoezi ya kutaja majina. Yule jamaa anainua picha ya kinanda, mimi nipo njiani, nalisikia lile neno linakuja, linakuja, anaropoka yeye! Anainua ingine, anaropoka tena. Sasa hapo nani anafanya mazoezi? Ukikaa na mtu wa shida hii tafadhali MSUBIRI, hesabu hata mpaka kumi, tutafika.

Nilikua niandike msiende kabisa. Lakini nikisema hivyo nitakua sisemi kweli, kwa sababu tangu nimalize, kwenye simu na mamangu Mombasa naongea mpaka yeye ndio anachoka, na juzi nimetaja samaki wote wa sokoni bila kusita, changu, tasi, kolekole. Ni umeme? Au ni mwalimu wangu wa matamshi niliyekua nakwenda kwake pia kipindi hichohicho? Siwezi kuapa. Nikilala nasema ni umeme, nikiamka nakumbuka zile pesa na yule mtu nasema hapana, mashine nusu ya sifa, kliniki sifuri.

Kama utaenda, uliza kwenye simu kama wanajua kufanya kazi na nywele za kusuka, na uliza ni nani atakaeshika zile kadi. Mimi wameshanipigia kuhusu awamu ya pili, nimewaambia narudi kama ni yule mama muuguzi, huyo mwingine asikanyage chumba nilichopo.