Sola za kukusanya mwanga: hesabu yuniti, usihesabu wati

Sola za kukusanya mwanga hutumia lenzi au vioo kuelekeza mwanga mwingi kwenye seli, kile kipande kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Muuzaji wake ataanza na ufanisi, yaani sehemu ya mwanga inayogeuka umeme, na hapo ana haki ya kujigamba. Mwaka 2022 taasisi ya Fraunhofer ISE ya Ujerumani ilifikisha asilimia 47.6 kwa seli ya maabara, ikimulikwa na mwanga uliokusanywa mara 665. Paneli bapa za silikoni zinazouzwa leo nyingi ziko kati ya asilimia 20 na 23. Ila wewe hununui seli ya maabara. Unanunua umeme wa miaka 25.

Basi jumlisha gharama zote: mtambo, usafiri, msingi wa zege, ufundi, usafishaji na matengenezo. Gawa kwa yuniti (kilowati-saa) zote utakazovuna. Bei ya wati moja peke yake inapotosha, kwani lenzi hukusanya tu miale inayotoka jua moja kwa moja. Mwanga uliotawanywa na mawingu, ukungu au vumbi haiwezi kuuelekeza kwenye seli, ilhali paneli bapa huutumia.

Mfano: mtambo wa kilowati 10, mahali panapopata miale ya moja kwa moja yuniti 2,400 kwa mita ya mraba kwa mwaka. Zidisha 2,400 kwa 10, kisha kwa 0.8 kufidia upotevu: yuniti 19,200. Upeleke mtambo uleule penye miale ya yuniti 1,000, unabaki na 8,000. Ankara haijabadilika hata senti.

Kwa hesabu hiyo, mimi ningezipanga hivi.

1. Paneli bapa zisizosogea. Kwa wanunuzi wengi, mjadala unaishia hapa. Fundi hakosekani, vipuri vipo, hakuna mota ya kuharibika.

2. Paneli bapa zinazofuata jua kwa mhimili mmoja. Zinafaa penye uwanja mpana. Ongezeko la umeme lilipe gharama ya mota. Lisipolipa, rudi namba moja.

3. Mkusanyo mdogo, wa vioo vya pembeni. Sipendezwi nao. Unapandisha joto la seli za silikoni, na seli ikipata joto hupungua nguvu. Fedha ya vioo mara nyingi ingenunua paneli zaidi.

4. Mkusanyo mkubwa, mara 300 na kuendelea. Seli ni ndogo mno lakini ghali, na mtambo lazima ufuate jua kwa mihimili miwili. Ukikosea kwa nyuzi moja tu, mwanga unaweza kukosa seli. Ufikirie ikiwa miale yako ya moja kwa moja inazidi yuniti 2,000 kwa mwaka na eneo ni finyu kiasi kwamba kila mita ya mraba ina thamani.

Kila mwamba ngozi huvutia kwake, kwa hiyo usikubali makadirio ya muuzaji bila kuuliza wati zimepimwaje. Kipimo kimoja cha mitambo hii hutumia miale ya wati 1,000 kwa mita ya mraba na seli yenye nyuzijoto 25. Kingine hutumia wati 900 na hewa ya nyuzijoto 20. Mtambo ni uleule, namba mbili.

Uliza pia nani atakuuzia lenzi na mota miaka kumi ijayo. Kampuni zilizotengeneza mitambo hii zimewahi kuondoka: SolFocus ilifungwa mwaka 2013, na Soitec ikatangaza kujitoa kwenye sola mwaka 2015. Kama jibu si la kuandikwa kwenye mkataba, ongeza bei ya seti ya vipuri kwenye gharama kabla hujagawa.