Forester yangu ilikuwa inapiga risasi: uzoefu wangu na fundi wa kupima, Unga Limited, Arusha

Nina Subaru Forester ya tabo (ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini) ya mwaka 2004, injini EJ20, gia za mkono. Aliyeniuzia alishaituni: kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imeandikwa upya, na ile valvu ya kupumulia tabo imebadilishwa ikawekwa inayotoa upepo nje, yenye kelele.

Kwa mwezi mzima ilikuwa inapasua kwenye ekzosi. Nikiachia mafuta nibadili gia, pa! Nikipanda kutoka Sakina kwenda Ngaramtoni nimeikanyaga, pa-pa-pa na nguvu inakatika. Siku moja mama aliyebeba mtoto mgongoni alishtuka mpaka akaangusha kikapu chake. Nilisimama kumwomba radhi, nikaokota nyanya pamoja naye.

Gereji ya kwanza, mjini, hawakutaka hata kuisikia ikilia. Wakachomeka mashine, wakaona silinda namba 2 inamisi (haiunguzi mafuta kila mara), wakabadilisha plagi zote nne na koili moja. Nikalipa. Kwenye mlima ikawa mbaya kuliko mwanzo.

Huyu wa Unga Limited nilielekezwa na dereva wa Noah. Swali lake la kwanza: "Dada, inalia wakati gani?" Nikamweleza. Akasema hiyo ni milio miwili, tusiichanganye. Akataka gari lilale kwake, asubuhi aliwashe likiwa la baridi, kisha akafunga sensa ya kusoma mchanganyiko wa hewa na mafuta kwenye ekzosi na tukatoka barabarani, mimi nikiendesha, yeye akiangalia namba.

Mlio wa kubadili gia ulikuwa wa ile valvu. Kwenye gari hili sensa ya hewa iko mwanzoni kabisa, karibu na eakilina, chujio la hewa. Hewa ikishapita pale imehesabiwa, na nozeli zinamwaga mafuta ya kuitosha. Valvu ikiitupa nje, mafuta yanabaki bila hewa yake. Kwa mzigo wa kawaida petroli inataka hewa 14.7 kwa mafuta 1, kwa uzito. Nilipoachia mguu namba ilianguka hadi 10, yaani mafuta yamezidi. Mafuta yasiyoungua yanaingia kwenye ekzosi ya moto, yanalipukia humo.

Mlio wa mlimani ndio ulionifanya nimheshimu huyu bwana. Kila ukipasuka, namba iliruka kuonyesha mafuta ni kidogo. Mtu mwingine angeniuzia pampu ya mafuta siku hiyohiyo. Yeye akasema hapana: silinda ikikosa cheche, hewa yake inatoka nzima bila kuungua, sensa inaiona hewa hiyo na kudhani mafuta hayatoshi. Akafungua plagi zile mpya, akapima mwanya wa cheche kwa feleji (vibamba vya kupimia mwanya) mbele yangu: milimita 1.1. Tabo ikijaza, msukumo ndani ya silinda unakuwa mkubwa na cheche inashindwa kuruka mwanya mpana kiasi hicho. Akazibana hadi 0.75. Plagi hazikuwa mbovu, zilifungwa tu bila kupimwa! Niliumia, kwa sababu ile hela ya koili niliitoa bure. Ya zamani aliijaribu, ikafanya kazi vizuri kabisa.

Valvu akaifungia mpira wa kurudisha upepo kwenye paipu ya kabla ya tabo, kama ilivyotoka kiwandani. Tukapanda tena Ngaramtoni, gia ya tatu, mguu chini. Kimya. Ikavuta mpaka juu.

Nililipa 60,000 ya kupima na 35,000 ya kazi na mpira. Kwa muda aliotumia naona ni haki. Malalamiko ninayo mawili: hatoi risiti wala karatasi ya vipimo, nikalazimika kupiga picha za namba kwa simu yangu, na ukifika saa nne utakuta foleni, maana yuko peke yake na kijana mmoja. Fika saa moja asubuhi, na usibadilishe kitu chochote kabla hajalisikia gari lako.

Bado kuna weusi wa moshi kwenye gasketi inapounganishwa ekzosi na tabo. Anasema hewa ikivutwa pale inaidanganya sensa pia, kwa hiyo Jumamosi narudi tuifungue.