Peter Cushing kwenye diski: matoleo ya kununua, na jinsi ya kuyatazama ukiwa Tanga

Ukitaka kumpima Peter Cushing, mwangalie mikono kwanza, uso baadaye. Katika The Curse of Frankenstein ya 1957, Baron Victor Frankenstein anakata kichwa cha maiti ya mhalifu aliyoiteremsha kwenye mti wa kunyongea. Kichwa chenyewe kamera haituonyeshi. Tunachoona ni baron akijifuta damu kwenye ukosi wa koti lake, akili yake ikiwa imeshahamia hatua inayofuata. Ni sekunde chache tu, lakini umeshamjua: huyu hakunji ndita wala hacheki kicheko cha kishetani, ila haoni kabisa kwamba ametenda jambo baya. Hakuna mwigizaji mwingine wa filamu za kutisha za Uingereza aliyeweza kusema mengi hivyo kwa kuushika ukosi wa koti.

Tunaanzia mikononi kwa sababu kopi mbovu humla Cushing kuanzia hapo hapo. Anafanya kazi na vitu: kioo cha kukuzia, kijiko, karatasi, kinara, bastola, mkasi. Vitu hivyo mara nyingi viko chini ya fremu au pembeni yake, na ndizo sehemu zinazokatwa mtu akilazimisha picha ijae runinga yote.

Kopi zinazozagaa zaidi mjini, Ngamiani hasa, ni zile DVD zenye filamu ishirini kwenye diski moja. Hesabu yake ni rahisi. DVD ya kawaida hubeba GB 4.7, gawa kwa ishirini, kila filamu inapata kama MB 235. Kwa vichekesho vya mchana kweupe mtu anaweza kuvumilia. Kwa Cushing haifai hata kidogo, kwa sababu filamu zake nzuri zimejaa vyumba vya chini ya ardhi, maabara na korido zenye mshumaa mmoja, na sehemu za giza ndizo za kwanza kuharibika faili likibanwa. Giza linageuka vigae vinavyotetemeka. Mpiga picha Jack Asher, aliyepiga Curse, Dracula, The Hound of the Baskervilles, The Mummy na The Brides of Dracula, aliweka taa za rangi kwenye vivuli, kijani hapa, zambarau pale. Kwenye kopi ya MB 235 kazi yake yote inakuwa matope.

Sasa diski halisi. Mtu akinunua moja tu, anunue Dracula ya 1958, iliyoongozwa na Terence Fisher, Cushing akiwa Van Helsing, mwindaji wa wanyonya damu, na Christopher Lee akiwa Dracula. Mtazamaji wa Tanga aliyekulia habari za mizimu ya mapango ya Amboni atamwelewa Van Helsing huyu bila maelezo. Anaingia nyumba ya watu na mkoba wake kama mganga anayejua alichoitiwa, hapigi kelele, anapanga vifaa vyake mezani kimoja kimoja. Tazama anavyomwongezea Mina damu ya mumewe: mirija na sindano anavishika kwa utulivu wa mtu ambaye kazi hiyo si ngeni kwake. Mtazame pia anapomkuta mtoto Tania makaburini usiku. Anavua koti lake lenye ukosi wa manyoya na kumfunika nalo, na sauti yake inashuka. Dakika chache tu zinatenganisha upole huo na kigingi moyoni mwa Lucy aliyegeuka mnyonya damu, na Cushing anayafanya yote mawili kwa mikono ile ile bila kukuacha ujiulize kama ni mtu mmoja.

Halafu kuna mwisho wake. Van Helsing anakimbia juu ya meza ndefu, anarukia mapazia na kuyabomoa, jua linaingia. Kisha anashika vinara viwili na kuvipachanisha kuwa msalaba. Wazo la vinara lilikuwa la Cushing mwenyewe. Hakupenda Van Helsing aonekane akichomoa msalaba mwingine mfukoni kila anapobanwa.

Kuna matoleo mawili ya Blu-ray yanayofaa kulinganishwa. La Uingereza la mwaka 2013 kutoka Lionsgate lina urekebishaji wa 2012, wenye vipande vilivyokuwa vimekatwa na vikapatikana Tokyo: Dracula akimkaribia Mina kwa muda mrefu zaidi, na Dracula akijikwangua uso wakati anaoza. Rangi yake imeelemea samawati, na wengi hawaipendi. Toleo la Marekani la mwaka 2018 kutoka Warner Archive lina rangi yenye joto zaidi lakini halina vipande vya Tokyo. Sisi tunachagua la Uingereza. Rangi unaweza kuisaidia kidogo kwa kuiweka runinga kwenye mpangilio wa rangi za joto (Warm). Kipande kisichokuwemo huwezi kukirudisha kwa rimoti.

Kwa The Curse of Frankenstein, toleo la Warner Archive la mwaka 2020 limesheheni: diski mbili, filamu ikiwa katika maumbo matatu ya picha (upana ukilinganishwa na kimo), 1.37, 1.66 na 1.85. Chagua 1.66. Ile ya 1.85 inakata picha juu na chini, na tumeshasema chini kuna nini.

The Hound of the Baskervilles ya 1959 inamweka Cushing kuwa Sherlock Holmes, na ndiyo filamu ya kwanza ya Holmes kwa rangi. Hapa anakwenda kasi, karibu hatulii kitini. Kuna wanaoona amezidisha. Kwetu ni Holmes sahihi kabisa, mtu ambaye mwili wake hauwezi kuisubiri akili yake. Alirudi kwa Holmes BBC mwaka 1968. The Brides of Dracula ya 1960 haina Lee wala Dracula mwenyewe, ila ina tukio moja linalotosha kuinunulia: Van Helsing ameng'atwa, anapasha chuma motoni, anajichoma jeraha mwenyewe, kisha analimwagia maji matakatifu. Uso wa Cushing pale haukuombi umhurumie.

Lipo pia boksi la Universal la mwaka 2016 lenye filamu nane za Hammer, kampuni ya Uingereza iliyotengeneza filamu hizi. Watu hulinunua kwa ajili ya Cushing, kisha wanakuta yumo katika tatu tu: Brides, Night Creatures na The Evil of Frankenstein. Ni boksi zuri, mradi ujue unanunua nini.

Mwenye banda la video azingatie jambo moja. Frankenstein Must Be Destroyed ya 1969 ina tukio la ubakaji lililoingizwa wakati kazi imeshaendelea, Cushing na mwenzake Veronica Carlson wakiwa hawalitaki. Uigizaji wake mle ni mkali kuliko katika filamu zote sita alizocheza kama Frankenstein, lakini si filamu ya kuweka jioni watoto wakiwa wamejaa mbele.

Tuje kwenye runinga, maana hapa ndipo diski nzuri huharibiwa. Filamu hizi za Hammer zinatazamwa vizuri katika umbo la 1.66, yaani upana ni mara 1.66 ya kimo. Runinga ya siku hizi ni 1.78. Kwa hiyo picha sahihi lazima iache ukanda mweusi kulia na kushoto: kwenye runinga ya inchi 43, kama sentimita 3 kila upande. Usiuone huo ukanda kuwa kasoro ukaufuta. Ukivuta picha ijae, unapoteza zaidi ya sentimita 3 za kimo, nusu juu, nusu chini. Ukiitanua kwa upana tu, nyuso zinanenepa kwa asilimia 7, na mashavu ya Cushing yaliyobonyea, ambayo ni nusu ya sura yake, yanajaa. Kopi za zamani za umbo la mraba zikitanuliwa hali inakuwa mbaya zaidi: asilimia 33. Ingia kwenye mpangilio wa ukubwa wa picha, chagua ule unaoonyesha picha kama ilivyo bila kukatwa kingo. Kisha zima ule mpangilio wa kulainisha mwendo. Ukiuacha, Dracula anaposhuka ngazi anaonekana yuko kwenye tamthilia ya mchana.

Sauti za filamu hizi asili yake ni za mkondo mmoja (mono), si za spika tano. Muziki wa James Bernard katika Dracula una ngoma na shaba nzito, na sabufa la bandani likiwekwa kama la kupigia singeli linameza maneno. Cushing anatamka kila herufi; shusha besi hadi umsikie. Maandishi ya Kiswahili hayamo katika matoleo haya, kwa hiyo washa ya Kiingereza kwa wanaosoma.

Kuhusu deki, wengi wanakwama hapa. Diski na deki hugawiwa kwa kanda za dunia: DVD za Uingereza ni za ukanda wa 2, Tanzania iko ukanda wa 5, na deki iliyofungwa kwa ukanda wake itagoma. Kwa Blu-ray hali ni nafuu: Afrika na Uingereza zote ni ukanda B. Geuza kasha, tafuta alama ya ukanda yenye herufi kabla ya kulipa. Ikiwa na A peke yake, iache. Zaidi ya hapo, DVD ya PAL, mfumo wa runinga wa Uingereza, huendesha filamu kwa fremu 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo Dracula ya dakika 82 inaisha kwenye 79, na sauti za watu zinapanda kidogo. Hakuna kilichokatwa, usimgombeze muuzaji.

Deki ya Blu-ray ni adimu madukani, ila PS4, mashine ya michezo ya PlayStation, inasoma diski hizi vizuri. Zile zilizotokea Dubai ni za ukanda B kwa Blu-ray na ukanda wa 2 kwa DVD, kwa hiyo zinakubali diski za Uingereza za aina zote mbili. Ile iliyotokea Marekani haitakubali. PS4 mpya inahitaji kuunganishwa na intaneti mara moja ili ifungue uwezo wa kusoma filamu. Tumia bando la simu, haili kitu. PS5 isiyo na mdomo wa diski haifai.

Hewa ya bahari, kwa wakazi wa Raskazone na Chumbageni, huacha ukungu kwenye lenzi. Dalili yake ni diski kusita katikati ya filamu, hasa pale data inapohamia tabaka la pili, wakati diski yenyewe ni safi. Fundi asafishe lenzi kwa pamba na spiriti kabla ya kukuuzia lenzi mpya. Diski ioshe kwa maji na tone la sabuni, uifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha. Na ile kazi ya kusugua mikwaruzo kwa dawa ya meno, ifanye kwenye DVD tu: data yake iko milimita 0.6 ndani, ina nafasi ya kuvumilia. Data ya Blu-ray iko milimita 0.1 tu chini ya uso, na dawa ya meno inaondoa utando mgumu unaoilinda.