Uzoefu wangu: uvimbe kwenye kope ya mtoto, na daktari aliyekataa kuinuka kitini

Kama mtoto wako mchanga ana uvimbe kwenye kope, kaeni mbali na kliniki ya macho tuliyokwenda sisi. Nasema hivi nikiwa bado na hasira.

Binti yetu alizaliwa kope zake safi. Baada ya wiki chache kikatokea kidoa chekundu kwenye kope ya juu, kikavimba, kikaanza kulifunika jicho. Daktari alimtazama kutoka ng'ambo ya meza. "Mama, hiyo ni alama tu, itaisha yenyewe. Wasiwasi wa nini?" Nikamwambia jicho halifunguki vizuri. Akaita mgonjwa mwingine. Kumsogelea mtoto na tochi kulimgharimu nini?

Ni kweli, hemanjioma (uvimbe wa mishipa ya damu kama huu wa binti yetu) nyingi hunywea zenyewe. Lakini huchukua miaka, na miezi ya mwanzo ndiyo hukua kwa kasi. Kwenye kope hatari yake ni nyingine kabisa: uvimbe ukiziba mboni, au ukiligandamiza jicho hadi umbo lake lipinde, ubongo wa mtoto huzoea kutolitumia jicho lile. Uvimbe unaweza kwisha, uoni usirudi. Daktari wa macho hajui hilo?

Ila lazima niseme na haya. Baada ya wiki kadhaa za kurudishwa nyumbani, nesi wa palepale alitufuata nje, akatupeleka kwa bingwa wa macho ya watoto. Huyo mama, Mungu ambariki! Alimpima macho yote mawili taratibu, akaongea na daktari wa watoto, binti akapimwa mapigo ya moyo ndipo akaanzishiwa propranololi ya maji. Ni dawa ya moyo. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, waliripoti kwamba inasinyaza uvimbe huu. Alinisisitizia nimpe akiwa ameshanyonya, na akikataa kunyonya au akitapika nisimpe, sukari isije ikashuka.

Uvimbe umenywea sana. Lakini bado tunaziba lile jicho jingine lenye afya kwa plasta kila siku ili hili lililokuwa limefunikwa na uvimbe lijifunze kuona, na mtoto analia, anaing'oa. Kila akilia nazikumbuka zile wiki tulizorudishwa nyumbani.

Basi nafuta niliyosema mwanzo: nendeni, kwa ajili ya yule bingwa na yule nesi. Mkipangiwa kwa yule wa kwanza, kataeni kutoka chumbani hadi mtoto apimwe na bingwa siku hiyohiyo.