GIMP kwa picha za mwonekano wa zamani: programu nzuri, ila ipite Sepia

Wateja wa studio yangu hapa Mwanga, Kigoma, siku hizi wanataka picha za harusi na za wazee wao zionekane kama zilizosafishwa enzi za mababu, kahawia tupu. Kazi hiyo naifanyia kwenye GIMP, programu ya bure iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1996. Kuipakua kunakula zaidi ya megabaiti 200, hivyo jipange na bando. Ukishaiweka kwenye kompyuta haikudai hela wala intaneti.

Njia ya mkato ipo kwenye menyu: Colors, Desaturate (kuondoa rangi), halafu Sepia, yaani kahawia ya picha za kale. Siipendi. Inaimwagia picha nzima umanjano wa aina moja, na nyuso nyeusi kama zetu zinapotelea humo. Picha za kahawia za kweli hazikuwa hivyo. Fundi wa chumba cha giza, mahali pa kusafishia picha, aliyageuza madini ya fedha yaliyo kwenye karatasi ya picha kuwa salfaidi ya fedha, ambayo hudumu zaidi. Sehemu nyeusi zikawa kahawia iliyokolea, nyeupe zikabaki na weupe wa karatasi.

Raha ya GIMP iko kwenye Mono Mixer, humo humo ndani ya Desaturate. Hapo unapanga mwenyewe nyekundu, kijani na bluu vichangie kiasi gani katika picha isiyo na rangi. Nilimpiga picha bibi mmoja wa Ujiji, kajitanda kanga nyekundu yenye maua meusi, ziwa likiwa nyuma yake. Kwa Sepia, kanga na maji vilikaribia kufanana. Nikaenda Mono Mixer, nikapandisha nyekundu na kushusha bluu: uso ukapata nuru, mikunjo ya paji ikaonekana mmoja mmoja, maua ya kanga yakajitenga, na Tanganyika ikakolea. Ndipo nikaingia Colorize, inayoipaka picha rangi moja: Hue (aina ya rangi) 0.09 na Saturation (ukolezi wake) 0.2. Ukizidisha hapo, mtu anageuka chungwa.

Kuna pia kichujio cha Old Photo, kinachotia ukungu na madoa. Kwa bibi yule nisingekigusa. Uso wake hauhitaji madoa ya bandia. Na kwa picha za stesheni yetu ya reli, au za Liemba, meli iliyoshushwa majini hapa Kigoma mwaka 1915, naandika nyuma mwaka niliopiga. Majengo na meli za umri huo zikipakwa kahawia, mtu anaweza kuamini kweli ameshika picha ya wakati wa Mjerumani, na hiyo si haki kwake.

Menyu za Kiingereza ni nyingi, mgeni atasumbuka mwanzoni. Nakili tabaka (layer) la picha kabla ya kugusa rangi, ili ya asili ibaki salama. Ukimaliza bonyeza Export upate JPEG. Save inatoa faili la XCF, zuri kwako wewe fundi, lakini simu ya mteja haitalifungua.